Mali bila daftari: maktaba, Wikipedia na habari za kijiji chetu

Tuanze na jambo la kawaida. Mtoto wa Gredi ya 6 anarudi nyumbani na kazi ya shule: aandike ukurasa mmoja juu ya mahali anapoishi. Yeye anaishi Soweto East. Nyumbani hakuna kitabu chenye habari hizo, na mama yuko kibandani anauza sukumawiki. Basi mtoto anapewa shilingi chache, anakimbia saiba iliyo kando ya barabara, na anaandika neno moja tu kwenye kompyuta: Kibera. Kati ya vitu vya kwanza kutokea ni ukurasa wa Wikipedia. Anaunakili wote, anakwenda nao shule, na mwalimu anautia alama.

Sasa tuulizane. Ukurasa ule uliandikwa na nani? Je, ni mtu aliyewahi kutembea Laini Saba wakati wa mvua? Kama ndani yake mna kosa, nani atalisahihisha? Na kama habari za kijiji chetu hazimo kabisa, ni nani aliyezikataza kuingia?

Jibu litashangaza wengi. Hakuna aliyezikataza. Hazimo kwa sababu sisi wenyewe hatujaziandika, na hata tungetaka kuziandika, wengi wetu hatujaweka ushahidi wake. Katika makala hii tutaeleza Wikipedia ni nini, kwa nini haiwezi kufanya kazi vizuri bila maktaba, na vikundi vyetu vya Kibera na Kawangware vinaweza kufanya nini.

WIKIPEDIA NI HARAMBEE YA MAANDISHI

Kamusi elezo ni kitabu kikubwa kinachoeleza mambo ya kila aina: nchi, magonjwa, watu mashuhuri, wanyama, sheria. Zamani kitabu kama hicho kiliandikwa na wataalamu waliolipwa, kikauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuiweza. Tarehe 15 Januari 2001, Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, walianzisha kamusi elezo ya namna nyingine kwenye intaneti. Mtu yeyote anaisoma bure. Na mtu yeyote, akiwa na simu au kompyuta, anaweza kuongeza habari au kusahihisha kosa. Hiyo ndiyo Wikipedia. Wanaoiandika hawalipwi. Kila mtu analeta tofali lake, kama tulivyozoea kwenye harambee ya darasa au ya daraja.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ina makala zaidi ya 80,000. Ile ya Kiingereza ina zaidi ya milioni 6. Mwaka 2009 hadi 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kuandika makala za Kiswahili. Na huko Arusha, Tanzania, kuna kikundi kinachoitwa Jenga Wikipedia ya Kiswahili ambacho kimefundisha vijana kazi hii. Kwa hiyo shamba hili limekwisha kulimwa kidogo. Lakini bado ni kubwa na wapaliliaji ni wachache.

Mtu atauliza: kama kila mmoja anaweza kuandika, si watu wataandika uongo? Wengine wanaandika, ndiyo. Ndiyo sababu kuna kanuni. Kanuni kubwa ni hii: kila habari iwe na chanzo kinachoweza kukaguliwa. Mwandishi anaweka tanbihi, yaani namba ndogo mwisho wa sentensi, ambayo inampeleka msomaji chini ya ukurasa kuona habari imetoka kitabu gani, gazeti gani, au ripoti gani. Habari isiyo na chanzo inaweza kufutwa na mtu yeyote, wakati wowote.

Wanachama wa vikundi wanalijua jambo hili vizuri kuliko maprofesa. Mweka hazina akisimama mkutanoni na kusema "pesa ziko," haitoshi. Tunamwambia alete daftari na risiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wikipedia nayo inasema hivyo hivyo juu ya maarifa.

HAPO NDIPO MAKTABA INAPOINGIA

Risiti za maarifa ziko wapi? Ziko maktaba, ama laiburi kama wengi tunavyoita. Magazeti ya zamani, ripoti za serikali, vitabu vya historia, ramani, na utafiti wa vyuo vikuu vimepangwa pale kwenye rafu. Vingi havimo kwenye intaneti hata leo.

Kenya tuna Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Kibera yenyewe ina maktaba ya umma iliyoanzishwa chini ya KNLS, na watoto wengi wamefanyia kazi zao za shule humo kwa sababu nyumbani hakuna nafasi wala mwanga. Mjini kuna Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Leo ni mali ya umma wa Nairobi na ina hazina ya magazeti ya zamani. Na pale Moi Avenue kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Sasa tazama hali ilivyo. Maktaba ina ushahidi, lakini wasomaji wanaofika ni wachache. Wikipedia ina wasomaji wengi mno, lakini ushahidi ni haba, hasa kwa habari za Afrika. Kila mmoja ana kile mwenzake anachokosa. Ushirikiano wao basi si jambo la kulazimisha. Ni kama mwenye jembe na mwenye shamba.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Mwaka 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka 15, wakutubi wa nchi nyingi waliombwa kitu kidogo tu: kila mkutubi aongeze tanbihi moja. Mkutubi mmoja, tanbihi moja. Kampeni hiyo imeendelea kila mwaka tangu hapo. Ukifikiri vizuri utaona ni akili ya haba na haba. Hakuna aliyeombwa kuandika kitabu kizima.

Hapa Afrika, chama cha maktaba na wakutubi wa bara letu kinachoitwa AfLIA, chenye makao Accra, Ghana, kilishikana mikono na shirika la Wikimedia ambalo ndilo linalosimamia Wikipedia. Mwezi wa Mei 2020 waliadhimisha Wiki ya Wakutubi wa Afrika, wakutubi wakaongeza vyanzo kwenye makala zinazohusu Afrika. Baadaye yakaja mafunzo maalum kwa wakutubi wa Kiafrika: jinsi Wikipedia inavyofanya kazi, na jinsi ya kuitumia kuwahudumia watu wanaofika maktaba.

Mfano mwingine unatoka mbali lakini una somo. Wales ni nchi ndogo iliyo sehemu ya Uingereza, na lugha yake, Kiwelisi, haina wasemaji hata milioni moja kamili. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Wales ilimchukua mtu wa kukaa ndani ya maktaba na kuunganisha kazi yake na Wikipedia. Mwaka 2017 kazi hiyo ikafanywa ya kudumu. Maktaba ilitoa maelfu ya picha zake za zamani zitumike bure. Leo Wikipedia ya Kiwelisi ina makala zaidi ya 270,000. Ni kweli kwamba nyingi ni fupi na baadhi zilitungwa kwa msaada wa kompyuta. Lakini Kiswahili chenye wasemaji makumi ya mamilioni kiko nyuma yake kwa mbali. Tofauti haikuletwa na wingi wa watu. Imeletwa na taasisi zilizoamua kufungua milango yake.

KIBERA NI WATU WANGAPI?

Hebu tuje nyumbani. Kwa miaka mingi magazeti, wageni na hata mashirika yalisema Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Kila mmoja alimnukuu mwenzake. Halafu ikafanyika sensa ya Agosti 2009, na matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2010 yakasema Kibera ina watu 170,070. Watu walishtuka. Wengine walisema sensa imepunguza. Wengine walisema zile milioni zilipikwa ili kuvuta wafadhili.

Jambo hili si mchezo. Vyoo, mabomba ya maji, shule na zahanati hupangwa kwa hesabu ya watu. Kikundi kikiandika ombi la msaada na kusema "sisi wakaaji milioni moja," msomaji mwenye ripoti ya sensa mkononi ataliweka ombi kando, hata kama shida ya choo ni ya kweli kabisa. Na ikiwa hesabu ya serikali imeacha watu nje, huwezi kubishana nayo kwa maneno ya barabarani. Utabishana nayo kwa hesabu nyingine iliyoandikwa, yenye kueleza ni nani walihesabu, lini, na mpaka wa eneo waliuweka wapi.

Wikipedia katika ubishi kama huu haiamui nani mkweli. Inaweka hesabu zote zenye chanzo, na kusema kila moja ilitoka wapi. Mwenye kusoma anapima mwenyewe. Hapo ndipo utaona thamani ya mkutubi anayeweza kukutolea ile ripoti ya sensa yenyewe, badala ya wewe kutegemea mtu aliyesikia kwa mtu.

Watu wa Kawangware nao wana swali kama hili. Kiserikali kuna wadi ya Kawangware katika eneo bunge la Dagoretti North, na wadi za Gatina na Kabiro ni wadi zake zenyewe. Lakini ukiwa kwenye matatu, mtu wa Gatina atakwambia anakwenda Kawangware. Kwa hiyo tukisema "watu wa Kawangware," tunahesabu akina nani? Ukiandika bila kueleza mpaka, umeandika namba isiyo na maana.

RAMANI ILIYOKUWA TUPU

Kibera tayari ina mfano wa kazi ya pamoja iliyofaulu. Hadi mwaka 2009, ukifungua ramani za intaneti uliona Kibera kama doa tupu. Makumi ya maelfu ya watu, shule, makanisa, misikiti, vyoo na maduka, lakini kwenye ramani hakuna kitu. Mwaka huo vijana wa vijiji vya Kibera, chini ya mpango uitwao Map Kibera, walifundishwa kutumia vifaa vidogo vinavyosoma majira ya mahali kwa setilaiti. Walitembea vichochoroni kwa miguu, wakaandika kila kituo cha maji, kila zahanati na kila shule, wakaviingiza kwenye OpenStreetMap. Hiyo ni ramani ya dunia inayotengenezwa na watu wote kwa mtindo ule ule wa Wikipedia.

Ramani hiyo haikungoja ofisi ya serikali. Ilitengenezwa na watu wanaojua kichochoro gani kinapitika usiku na kipi hakipitiki. Somo ni kwamba ujuzi wa mwenyeji una thamani pale unapowekwa mahali ambapo wengine wanaweza kuuona na kuukagua.

SOWETO EAST: HABARI INAYOHITAJI DAFTARI

Tuchukue habari ya Soweto East yenyewe. Mpango wa serikali wa kuboresha makazi duni, KENSUP, ulianzishwa kwa makubaliano ya serikali ya Kenya na UN-Habitat mwaka 2003, na Soweto East ikawa kijiji cha kwanza kushughulikiwa Kibera. Mnamo Septemba 2009 wakaaji wa sehemu iliyoitwa Zoni A walianza kuhamishiwa nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata, ili vibanda vyao vibomolewe na nyumba mpya zijengwe. Kesi mahakamani ilichelewesha kazi. Ujenzi ulianza mwaka 2012, na mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa, pamoja na vibanda vya biashara.

Hayo ndiyo mambo yaliyomo kwenye ripoti na magazeti. Lakini kila mkaaji anajua kuna mengine. Familia zilingoja miaka mingapi kule Lang'ata? Mama aliyekuwa na wateja wa samaki mlangoni pake alipata wateja wengine wapi? Waliopata nyumba wote bado wanakaa ndani, ama wengine wamezipangisha na kurudi kwenye bati? Chama cha ushirika wa nyumba kiliendeshwaje? Haya ni maswali ambayo kijiji kingine kinachongoja kuboreshwa kingependa sana kujibiwa. Mpango mwingine ukija, wazee waliouona huu wa kwanza huenda wametutoka. Tutabaki na ripoti za ofisini peke yake, na ripoti huhesabu nyumba. Haihesabu wateja wa samaki.

NA MANENO YA WAZEE JE?

Hapa kuna shida ya kweli, na ni vizuri tuiseme wazi. Wikipedia haikubali habari inayotoka kinywani mwa mtu moja kwa moja. Ukiandika "nyanya yangu aliniambia," itafutwa. Si dharau kwa nyanya. Ni kwamba msomaji wa Mombasa au wa Toronto hana njia ya kumkagua. Lakini kwetu, ambako historia nyingi imo vichwani, kanuni hii inatuacha nje ya mlango.

Chukua wazee wa Kinubi. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan katika jeshi la Waingereza, na walipewa kukaa katika msitu ambao kwa lugha yao waliuita kibra, ndipo likatoka jina la Kibera. Kwa zaidi ya miaka 100 walidai haki ya ardhi hiyo, na ni mwaka 2017 tu walipopewa hati ya ekari 288. Katika madai kama hayo, karatasi ndiyo iliyohitajika. Kumbukumbu peke yake, hata ikiwa ya kweli, haikutosha.

Njia ya kutoka ipo, na inapitia maktaba. Kikundi kinaweza kuwasikiliza wazee, kuyaandika maneno yao kwa uangalifu, kuyasoma mbele yao wayakubali, kisha kuyatoa kama kijitabu chenye tarehe na majina ya waliokiandaa. Nakala ziwekwe maktaba. Mwandishi wa gazeti au mtafiti wa chuo akikisoma, atakinukuu. Baada ya hapo neno la mzee limepata daftari. Si lazima Wikipedia ikikubali kijitabu hicho siku hiyo hiyo, maana waandishi wake hupima uzito wa kila chanzo. Lakini kijitabu kilichowekwa kwenye rafu kinangoja. Neno lililozikwa na mwenyewe haliwezi kungoja.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

1. Chagueni jambo moja dogo. Msianze na "historia ya Kibera." Anzeni na shule moja ya zamani, soko moja, mto mmoja, au mpango mmoja wa nyumba.

2. Nendeni maktaba mkiwa na swali lililoandikwa. Msimwambie mkutubi "tunataka habari za Kawangware." Mwambieni, "tunatafuta magazeti ya mwaka fulani yanayotaja barabara fulani." Mkutubi akipata swali lililonyooka, hufurahi kusaidia. Ulizeni kwanza saa za kufungua, ada, na kama mnaruhusiwa kupiga picha kurasa.

3. Wekeni daftari la vyanzo. Chora safu nne: habari yenyewe, jina la kitabu au gazeti, tarehe, na namba ya ukurasa. Asiyejua kuandika vizuri anaweza kutafuta, na mwingine akaandika.

4. Someni ukurasa uliopo kabla ya kuugusa. Kila ukurasa wa Wikipedia una sehemu ya historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na lini, na sehemu ya majadiliano ambapo waandishi hubishana kwa adabu. Ni kama kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita kabla ya kutoa hoja.

5. Kila mtu afungue akaunti yake mwenyewe. Akaunti ya kikundi kizima hairuhusiwi. Si lazima utumie jina lako halisi. Fungueni akaunti siku kadhaa kabla ya mafunzo, kwa maana kutoka mtandao mmoja Wikipedia huruhusu akaunti mpya 6 tu kwa siku. Vikundi vingi hukwama hapo: watu 15 wamefika, mtandao ni mmoja, na wa saba anakataliwa. Tena simu nyingi hutumia njia moja ya mtandao, kwa hiyo unaweza kukuta umezuiwa kwa makosa ya mtu usiyemjua. Msikate tamaa. Kuna ukurasa wa kuomba kufunguliwa.

6. Anzeni na tanbihi moja. Tafuteni sentensi isiyo na chanzo, muwekee chanzo mlichokipata maktaba. Mkizoea, sahihisheni kosa. Mkizoea zaidi, andikeni makala.

7. Andikeni kwa Kiswahili. Ukurasa wa Kiingereza una watu wengi wa kuulinda. Wa Kiswahili unawangoja ninyi, na ndio utakaosomwa na mama asiyejua Kiingereza.

TAHADHARI

Wikipedia si ubao wa matangazo. Kikundi kisijiandikie ukurasa wa kujisifu. Kama magazeti na vitabu havijaandika habari zenu, ukurasa huo utafutwa, na mtaona mmeonewa bure. Wacheni wengine wawaandike.

Msinakili maneno ya kitabu au ya gazeti kama yalivyo. Elezeni kwa maneno yenu, kisha mtaje chanzo. Na mjue ya kwamba mnachoandika mnakitoa kwa umma. Mtu yeyote anaweza kukitumia, hata kukichapisha na kukiuza, na hamwezi kukidai tena.

Picha piga mwenyewe, usichukue ya mtu mwingine. Usitie sura ya mtoto, mgonjwa, au jirani aliye kwenye shida. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria, tuna heshima. Nyumba ya jirani si mali ya maonyesho.

Mambo ya dawa na magonjwa soma upate mwanga, lakini matibabu yatoke kwa daktari au mhudumu wa afya.

Mwisho, msitegemee sana cha bure kutoka kwa kampuni. Kulikuwa na mpango ulioitwa Wikipedia Zero ambao uliwawezesha wateja wa kampuni za simu katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, kusoma Wikipedia bila kulipia bando. Mwaka 2018 mpango huo ulifungwa. Walioutegemea walirudi kununua bando kama kawaida.

BANDO LIKIISHA

Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix. Mtu mwenye intaneti nzuri anapakua Wikipedia nzima mara moja, anaiweka kwenye kompyuta au kadi ya simu, na baada ya hapo inasomeka bila intaneti kabisa. Ile ya Kiingereza pamoja na picha ni kubwa, takriban GB 100. Ile ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye kadi ya kawaida ya simu. Maktaba, shule, au ofisi ya kikundi inaweza kuwa na kompyuta moja yenye Kiwix, na watoto wakasoma hata siku ambayo mtandao umekufa. Kumbukeni tu kwamba nakala hiyo haijibadilishi yenyewe. Pakueni mpya mara moja au mbili kwa mwaka.

Jambo moja la mwisho. Siku hizi hata programu zile za simu zinazojibu maswali kama mtu zimefundishwa, kwa sehemu, kwa kusomeshwa Wikipedia. Kwa hiyo kosa lililoachwa kwenye ukurasa mmoja halibaki pale. Linasafiri. Habari ya kweli nayo husafiri vile vile.

Yule mtoto wa Gredi ya 6 atapewa kazi nyingine muhula ujao. Kikundi kimoja kikichukua Jumamosi mbili, daftari moja na swali moja la kumpelekea mkutubi, atakachokikuta kwenye kompyuta kinaweza kuwa kimeandikwa na mtu anayemjua, anayekaa ng'ambo ya reli.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

• Ni jambo gani la kijiji chetu ambalo wageni hulieleza vibaya? Tuna ushahidi gani wa kulisahihisha?

• Ni wazee gani watatu tungewasikiliza kwanza, na juu ya jambo gani?

• Kumbukumbu za kikundi chetu tangu kilipoanza ziko wapi? Nyumba ikishika moto leo, kutabaki nakala mahali pengine?

• Nani kati yetu amewahi kuingia maktaba mwaka huu? Tukienda, tutakwenda na swali gani?